Kuzalisha bata kwa rangi unayoitaka: mwongozo wa mfugaji wa uani

Jike wangu wa kwanza wa kahawia nilimpata mnadani. Rangi yake ilikuwa kama buni iliyoiva kwenye kikaango, na nilimbeba kwenye tenga njia nzima nikiwaza banda litakavyopendeza. Nikamweka na dume wangu mweusi. Vifaranga 11 wakatoka, wote weusi. Nikaona nimeuziwa bata asiye na mbegu, madume nikawauza kwa kitoweo, majike nikagawa. Ilipita zaidi ya mwaka ndipo nikaelewa kuwa kila dume niliyemuuza alikuwa amebeba ukahawia ndani yake. Nilikuwa na mali mkononi nikaipeleka sufuriani.

Mwongozo huu nauandika ili hasara ile isimpate mwingine. Hauhitaji mashine wala fedha nyingi. Unahitaji vyumba viwili au vitatu vilivyotenganishwa, daftari, na subira ya misimu kama mitatu.

Hatua ya 1: Jua unafuga bata gani

Bata aliyeenea kwenye nyua zetu ni yule mwenye vinundu vyekundu usoni, asiyelia kwa kelele. Dume wake hupumua kwa mkoromo tu na jike hutoa sauti nyembamba. Kimataifa anaitwa Muscovy. Asili yake si Urusi, ni Amerika ya Kati na Kusini, na wenyeji wa huko walimfuga kabla Wazungu hawajafika. Mayai yake huchukua siku 35 kutotoa.

Bata wengine, kama Pekin mweupe, Khaki Campbell na Indian Runner, ni ukoo tofauti kabisa. Wao wametokana na batamwitu wa nchi za kaskazini na mayai yao hutotoa kwa siku 28. Dume wa Muscovy anaweza kumpanda jike wa Pekin na watoto wakatoka wanene wa kupendeza, lakini watoto hao ni wagumba. Ukiwachanganya kwa nia ya kupata rangi mpya, kazi yako imekufa kizazi kile kile. Kwa hiyo chagua ukoo mmoja. Hapa nazungumzia Muscovy, kwa sababu ndiye tunaye na ndiye ninayemjua.

Hatua ya 2: Elewa rangi zinavyorithiwa

Hapa ndipo penye kazi yote, kwa hiyo tukae kidogo.

Rangi ya asili ya Muscovy ni nyeusi, yenye mng'ao wa kijani anaposimama juani, na baka jeupe kwenye kila bawa. Rangi nyingine ni mabadiliko juu ya weusi huo. Kwa kawaida kila kifaranga hupata jeni, yaani chembe ya urithi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na rangi tatu zinazotafutwa zaidi zina tabia tatu tofauti.

*Kijivu.* Wafugaji wa nje huiita buluu. Jeni moja ya kijivu humfifisha mweusi akawa rangi ya moshi. Akipata mbili, anafifia zaidi na kuwa rangi ya fedha. Uzuri wa kijivu ni kwamba hakijifichi. Unachokiona ndicho alichobeba. Hesabu yake ni hii:

- kijivu kwa mweusi: nusu kijivu, nusu weusi
- kijivu kwa kijivu: robo weusi, nusu kijivu, robo fedha
- fedha kwa mweusi: wote kijivu
- fedha kwa kijivu: nusu fedha, nusu kijivu
- fedha kwa fedha: wote fedha

Utaona kwamba huwezi kupata ukoo wa kijivu unaozaa kijivu peke yake milele. Hata bata maarufu wa buluu wa Sweden wako hivyo, miaka nenda rudi. Anayetaka banda zima la kijivu afuge madume wa fedha na majike weusi, basi. Na ukipata mtoto mweusi kutoka kwa wazazi wawili wa kijivu, usidhani ana kijivu kilichojificha. Hana. Ni mweusi kama mweusi mwingine yeyote.

*Kahawia.* Hii ndiyo iliyonitesa. Jeni ya kahawia hukaa kwenye kromosomu ya jinsia, yaani ule uzi wa jeni unaoamua kifaranga awe dume au jike. Kwa ndege, dume ana kromosomu hiyo mbili na jike anayo moja tu. Dume anaweza kubeba ukahawia upande mmoja na weusi upande mwingine. Weusi ukashinda, nawe usijue. Jike hana pa kuficha. Akiipata moja, ni kahawia. Asipoipata, hana kabisa.

Tena hiyo moja ya jike hutoka kwa baba. Siku zote. Binti huvaa nguo ya baba yake, mama hahusiki. Shika sentensi hiyo na mengine yatajipanga yenyewe:

- dume wa kahawia kwa jike mweusi: mabinti wote kahawia, wana wote weusi lakini wamebeba
- dume mweusi halisi kwa jike wa kahawia: wote weusi, wana wote wamebeba
- dume mweusi aliyebeba kwa jike mweusi: nusu ya mabinti kahawia, wana wote weusi, nusu yao wamebeba
- dume mweusi aliyebeba kwa jike wa kahawia: nusu ya mabinti na nusu ya wana ni kahawia
- kahawia kwa kahawia: wote kahawia

Mstari wa pili ndio wale vifaranga wangu 11.

*Nyeupe.* Weupe hufunika kila kitu. Bata mweupe anaweza kuwa mweusi, kijivu au kahawia chini ya ile shuka, na hutajua hadi azae. Ukimpandisha na mweusi, mara nyingi watoto hutoka na mabaka. Ushauri wangu kwa anayeanza mradi wa rangi nyingine ni kuwaweka weupe chumba chao.

Hatua ya 3: Chagua lengo moja

Kwa anayeanza napendekeza kijivu, kwa sababu kila kitu kinaonekana na utajifunza kuhesabu bila kudanganywa na kilichojificha. Ukishazoea, nenda kwenye kahawia.

Na kama pesa inatosha bata mmoja tu wa kahawia, nunua dume. Mweke na majike wako weusi, na mtotoo wa kwanza tu utakupa majike wa kahawia, pamoja na faida nyingine: siku ya kutotoa utajua jinsia bila kupekua. Wa kahawia ni majike, wa giza ni madume. Ukinunua jike, lazima upitie kizazi kizima cha weusi kabla ya kuona rangi. Bei ya dume ikizidi ya jike hata mara mbili, bado naona inalipa.

Kama jike ndiye uliyempata, usikate tamaa kama mimi. Mpandishe na dume mweusi, chagua wana wawili walio bora, kisha mwaka wa pili mmoja wao umpe jike wa kahawia. Hapo ndipo utapata dume wa kahawia wa kwanza. Akiwapo jike wa kahawia asiye ndugu yake, ni bora kuliko kumrudisha kwa mama yake. Lakini kumrudisha kwa mama mara moja si dhambi.

Hatua ya 4: Mwili kwanza, rangi baadaye

Nimeona watu wakihifadhi bata mwenye miguu iliyopinda kwa sababu tu rangi yake ni adimu. Miaka miwili baadaye banda zima linachechemea. Kabla hujaangalia rangi, mshike bata mkononi. Mfupa wa kifua uwe umenyooka, macho makavu na safi, hatua imara, bawa lililokunjika na kulala ubavuni bila kuchomoza nje. Jike atoke kwa mama anayetaga vizuri na kuatamia bila kuacha kiota. Dume awe mzito na mwenye nguvu za kupanda, lakini asiwe mkali wa kuumiza majike. Atakayeshindwa hapo aende kitoweoni, hata awe na rangi ya dhahabu.

Hatua ya 5: Tenga vyumba, kisha ngoja wiki tatu

Dume mmoja na majike wanne au watano wanatosha chumba kimoja. Kuta ziwe za kuzuia dume wa jirani kuruka, maana Muscovy huruka vizuri kuliko bata wengi wa kufugwa. Kata manyoya ya ncha ya bawa moja.

Mbegu za dume huishi ndani ya jike kwa muda mrefu baada ya kupandwa. Jike uliyemtoa leo kwa dume mweusi ukampeleka kwa dume wa fedha, mayai ya siku za kwanza yanaweza kuwa bado ya yule wa zamani. Mimi hungoja wiki tatu kamili. Mayai ya wiki hizo tunakula nyumbani. Ukiruka hatua hii, daftari lako litaandika uongo, na uongo wa daftari huugundui hadi mwaka umekwisha.

Chumba kiwe na maji ya kina cha kuzamisha kichwa kizima. Hapo bata husafisha macho na pua. Karai kubwa linatosha.

Hatua ya 6: Mayai

Majike wa bata wana tabia ya kutagia kiota kimoja, mmoja juu ya mwenzake. Kama unataka kujua mama ni nani, kila jike apate kiota chake kwenye kona yenye giza, na uokote mayai asubuhi kila siku. Andika kwa penseli, si kwa peni: namba ya jike, namba ya dume, tarehe. Yahifadhi mahali pa baridi, si kwenye friji, ncha nyembamba ikielekea chini, yasizidi siku saba.

Jike mmoja hufunika mayai 12 hadi 15. Kumwekea kuku mayai ya bata kunawezekana, lakini siku 35 ni nyingi kwake. Kuku wengi huchoka njiani. Siku ya 8 hadi ya 10, usiku, pima kila yai kwa tochi ya simu. Lenye uhai lina mishipa myembamba myekundu iliyotawanyika kama mizizi. Lililo wazi tupu liondoe.

Hatua ya 7: Siku ya kutotoa

Hii ndiyo asubuhi ninayoipenda kuliko zote. Usiwahi kuwapekua wakiwa na unyevu. Ngoja wakauke, mama awe ameanza kuinuka. Kisha chukua mmoja mmoja, umsogeze kwenye mwanga wa mlangoni, si chini ya taa ya manjano, kwa sababu taa hiyo huwapaka wote rangi moja.

Kifaranga atakayekuwa mweusi ana manjano usoni na tumboni, na mgongo wa giza karibu na weusi. Wa kijivu ana mgongo wa rangi ya jivu. Wa kahawia mgongo wake ni kama maji ya chai ya rangi, na ukimweka pembeni mwa mweusi tofauti inaonekana wazi; ukimtazama peke yake unaweza kukosea. Kwa hiyo walinganishe wawili wawili, usiamue kwa kumbukumbu.

Weka alama siku hiyo hiyo. Mguu wa kifaranga ni mdogo mno kwa pete, kwa hiyo mimi hutumia rangi ya kucha: ukucha wa kwanza kulia kwa chumba namba moja, wa kwanza kushoto kwa chumba namba mbili. Irudie kila wiki kwa sababu maji huifuta. Wakifika wiki sita hivi, hamia kwenye vile vikamba vya plastiki vya mafundi umeme vya kufungia nyaya. Acha nafasi ya kupita kidole kidogo na ukague kila wiki, maana mguu wa dume hunenepa haraka na kikamba kilichobana hukata nyama.

Kwenye daftari andika kila kifaranga, hata aliyekufa: baba, mama, tarehe, rangi ya manyoya ya siku ya kwanza. Wale waliokufa ndani ya yai nao waandike. Idadi yao ikipanda mwaka hadi mwaka, utajua kabla ya jirani kukwambia kwamba damu imekaribiana mno.

Na usishtuke hesabu ikikataa. Robo ya vifaranga 12 ni watatu, lakini unaweza kupata watano au usipate hata mmoja. Hesabu hukaa sawa kwenye mitotoo mingi, si kwenye mmoja. Mwanzoni niliandika "kijivu kwa kijivu haitoi fedha" kwa sababu mtotoo mmoja haukutoa. Uliofuata ulitoa wanne.

Hatua ya 8: Chuja mara tatu

Mchujo wa kwanza ni siku ya kutotoa, wa rangi tu, na hapo simwondoi mtu, naandika. Wa pili ni wakishaota manyoya kamili, karibu miezi mitatu. Hapo ondoa walio na kasoro za mwili na wale ambao rangi imekosea wazi. Wa tatu, ulio muhimu zaidi, ni baada ya kunyonyoka manyoya ya utotoni.

Sababu ni hii. Bawa la Muscovy kijana huwa na weupe kidogo sana au hana kabisa. Baka jeupe hukua baadaye. Nimeshaona mtu akichinja kundi la vijana weusi akidhani "wamekosa bawa", kumbe walikuwa bado. Ngoja miezi saba au nane.

Kwa wa kahawia kuna jambo la ziada. Jua hupausha rangi hiyo. Bata aliyeshinda kwenye jua la kiangazi migongo yake hugeuka rangi ya nyasi kavu, na ukimlinganisha na aliyefugwa kivulini utamwona wa kivulini ni bora. Usihukumu hivyo. Fungua bawa, tazama manyoya yaliyofunikwa na mengine, au puliza manyoya ya mgongo kuelekea kichwani uone sehemu isiyofikiwa na jua. Rangi ya kweli iko pale.

Hatua ya 9: Kumjaribu dume usiyemwamini

Umenunua dume mweusi mzuri na unataka kujua kama amebeba ukahawia. Mpe majike wowote, weusi au kahawia, maana kama tulivyosema, rangi ya mabinti haitoki kwa mama. Akitoka binti mmoja tu wa kahawia, umeshajibiwa. Wakitoka mabinti 7 mfululizo wote weusi, nachukulia kuwa hajabeba: dume aliyebeba kuzaa 7 wa namna hiyo ni bahati ya 1 kati ya 128. Hesabu mabinti tu. Ukihesabu na wana wa majike weusi unajidanganya.

Hatua ya 10: Mabaka

Mabaka hayana hesabu safi kama rangi. Hata huko Wales, walikotengeneza bata aitwaye Magpie, mweupe mwenye kofia na mgongo mweusi, wafugaji bado hutotoa wengi ili wapate wachache wenye mipaka safi. Kwa hiyo panga kutotoa vifaranga wengi na kuuza wengi.

Faida moja ni kwamba mabaka huonekana mapema. Kifaranga wa kawaida ana manjano usoni, tumboni na madoa machache mgongoni. Mwenye mabaka, manjano imevuka hapo: imepanda kifuani, imezunguka shingo, au imekata mgongo. Chora kwenye daftari umbo la bata kutoka juu na kutoka ubavuni, kisha utie kivuli penye giza. Mchoro wa dakika moja utakusaidia kuliko maneno ya ukurasa mzima.

Chagua wenye pande mbili zinazolingana. Usipandishe wawili wenye weupe mwingi kupita kiasi, wala wawili wenye kidogo. Mpe mwenye weupe mwingi mwenzi mwenye kidogo. Tena wapo wanaozidi kuwa weupe kichwani kila wanaponyonyoka, kwa hiyo dume wa miaka mitatu usimlinganishe na kijana wa mwaka mmoja.

Hatua ya 11: Damu mpya

Kumrudisha binti kwa baba mara moja hukaza rangi. Kaka kwa dada kizazi baada ya kizazi huua mayai, hudhoofisha miguu na kupunguza uzito. Kila baada ya misimu miwili mimi huleta dume mweusi kutoka kijiji cha mbali, mwenye mwili mkubwa na historia ya kutaga vizuri upande wa mama. Namweka chumba cha peke yake wiki tatu nikimtazama kinyesi na macho kabla hajakaribia wengine. Rangi itarudi nyuma kizazi kimoja. Kisha inarejea, ikiwa juu ya miili yenye afya.

Ukifika hapo una kahawia na fedha chumba kwa chumba, jaribu hili: dume wa kahawia kwa jike wa fedha. Wana watatoka kijivu, wamebeba kahawia. Mabinti watavaa kahawia ya baba iliyofifishwa na kijivu cha mama, rangi laini inayokaribia zambarau hafifu kama vumbi la jioni. Mimi wa kwanza nilimpata asubuhi ya mvua, namba 46 kwenye daftari, na bado anaatamia kwenye kona ya chumba cha pili.